Tenga Mwenyewe Kabla Hujatengewa

Wadau, nimepotea kidogo, mnisamehe. Nilikuwa kijijini kwetu mkoa wa Pwani, na huko kwetu mtandao unashika ukiwa juu ya kichuguu tu. Nimerudi na jambo moja ambalo nimeona siwezi kukaa nalo peke yangu.

Kulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji. Ajenda moja tu: msitu. Kile kipande kilichobaki upande wa bondeni, ambacho wakati nasoma shule ya msingi tulikuwa tunaogopa kupita peke yetu na leo ukisimama huku unamwona mtu wa ng'ambo. Swali lilikuwa, kitengwe kiwe hifadhi ya msitu, au kigawiwe kwa vijana walime ufuta na kupanda korosho?

Mzee mmoja akasimama. Akasema hifadhi ni neno la kistaarabu la kunyang'anya, leo mnatenga, kesho mjukuu wangu anakamatwa na mzigo wa kuni. Akapigiwa makofi. Akafuata kijana wa rika langu, akasema sisi hatuna mashamba, wazee mmemaliza ardhi yote, na msitu hauliwi. Makofi. Kisha mama mmoja, yeye hata hakusogea mbele, akauliza: kisima cha bondeni zamani kilikuwa hakikauki, siku hizi mwezi wa tisa tunachota tope. Mkishagawana mashamba, maji mtagawana wapi? Makofi tena, na ni watu wale wale! Mwenyekiti akaona jua linazama na kila mtu ana haki, akaahirisha mpaka kikao kijacho.

Aliyenyamaza ni mjomba wangu. Mjomba ni mchoma mkaa. Sare zangu za sekondari, madaftari na nauli vyote vilitoka kwenye tanuri lake. Kwa hiyo sitaki mtu asome hapa afikiri naandika kama mtu wa mjini anayependa miti kwenye picha. Nimesomeshwa na msitu ule ule ninaotaka kuuzungumzia, tena kwa kukatwa kwake.

Na msimamo wangu nautaja mapema: msitu utengwe. Lakini utengwe na sisi wenyewe, kwa jina letu. Nitaeleza kwa nini, halafu mniambie nimekosea wapi.

ARDHI HII NI YA NANI?

Mimi nimeishia kidato cha nne, sheria naisoma polepole na kalamu mkononi. Lakini nimeisoma. Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999 inaigawa ardhi hiyo makundi matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya kijiji, na ardhi ya jumla. Ya hifadhi ni zile mbuga, misitu iliyotangazwa, kingo za barabara na kadhalika. Ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Ya jumla ni inayobaki, iko chini ya Kamishna wa Ardhi, na hiyo ndiyo rahisi kugawiwa mwekezaji.

Sasa sikilizeni hapa. Sheria hiyo namba 4 inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, inaongeza maneno machache: kwamba inajumuisha pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Ukienda kwenye dada yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka huo huo, maneno hayo hayamo! Sheria mbili, mwaka mmoja, Bunge lile lile, na hazielewani kuhusu msitu wetu.

Kwa mama anayechota maji, msitu unatumika kila siku. Kwa bibi anayechimba mizizi ya dawa, unatumika. Lakini kwa mtu aliyekaa ofisini mjini na ramani mezani, pale hakuna nyumba wala shamba. Ni peupe. "Ardhi isiyotumika." Na ikishaitwa hivyo, mjadala wa nani mwenyewe unaanza upya, safari hii bila sisi.

Kuna kinga, nikiri. Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kwenda kwenye makundi mengine kwa manufaa ya umma, na sheria namba 5 inataka mkutano mkuu wa kijiji uhusishwe. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano ndio wenye kukubali au kukataa. Lakini likizidi hapo, mwenye kukubali ni Waziri, na mkutano unatoa mapendekezo tu. Yaani kadiri kinachochukuliwa kinavyokuwa kikubwa, ndivyo sauti ya mwenye nacho inavyopungua. Tafakari hilo halafu uendelee kusoma.

WALICHOKIFANYA WATU WA BABATI

Wale waliopiga makofi kwa yule mzee walikuwa na sababu. Misitu mingi nchini ilitangazwa na mkoloni, baadaye na serikali zetu, na aliyekuwa akiishi jirani akaambiwa asogee. Kwa hiyo hofu yake siyo ya kijinga. Ila kuna kisa kimoja ambacho natamani angekisikia.

Wilaya ya Babati, mkoa wa Manyara, kuna msitu wa miombo unaitwa Duru-Haitemba, kama hekta 9,000 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliamua kuutangaza kuwa hifadhi yake. Mipaka ikapimwa. Vijiji vinane vinavyouzunguka vikakataa. Na jambo la kushangaza, au labda siyo la kushangaza, ni kwamba habari za hifadhi ziliongeza ukataji. Watu walisema kama kesho siyo wetu, basi tuchukue leo. Hata mimi ningefanya hivyo, na wewe pia, tusidanganyane.

Ikafika mahali maofisa wakawa na busara ya kusikiliza. Wakauliza, nyinyi mnaweza kuulinda? Wanakijiji wakasema tunaweza, ukiwa wetu. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 mpango wa kuutangaza ukawekwa pembeni. Kila kijiji kikachukua kipande chake, kikaandika sheria ndogo, kikaamua nini ruksa na nini marufuku, kikateua vijana wake wa doria. Msitu ukaanza kurudi. Wale wale waliokuwa wanakimbizana na shoka wakawa ndio wanaokamata.

Msitu wa Mgori, Singida, nao ukafuata njia hiyo hiyo kipindi hicho hicho. Mambo haya yakaingia kwenye Sera ya Misitu ya mwaka 1998, kisha kwenye Sheria ya Misitu namba 14 ya mwaka 2002. Kwa hiyo sheria inayomruhusu mwanakijiji kutenga msitu wake haikushuka kutoka ofisini. Ilipanda kutoka kijijini.

KARATASI PEKE YAKE HAILINDI MTI

Mtu ataniuliza, kwa nini tusiiachie serikali iutangaze, ina askari na magari?

Jibu liko jirani na Dar. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe ilitangazwa tangu enzi za mkoloni. Kwenye karatasi ilikuwa salama kuliko akiba benki. Lakini imezungukwa na jiji lenye njaa ya mkaa na viwanja, na kwa miaka mingi ikakatwa, ikavamiwa, watu wakajenga, wakaondolewa, wakarudi. Leo imeunganishwa na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ni jambo jema. Ila waulize wanaoijua, kiasi gani cha msitu kilipotea wakati tangazo likiwepo muda wote kabatini.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2019. Rais Magufuli alisimamisha kuondolewa kwa watu kwenye vijiji vilivyoonekana kuwa ndani ya hifadhi, na baadaye serikali ikatangaza kwamba vijiji zaidi ya 900 vibaki. Mimi nilifurahi kwa ajili ya watu wale. Lakini jiulize: vijiji zaidi ya 900 vinaingiaje kwenye mgogoro na mpaka? Ni kwa sababu mstari ulichorwa sehemu moja na maisha yakaendelea sehemu nyingine.

Hata hivyo, wasije watu wakasema nadharau karatasi. Tazameni kwa majirani zetu Kenya. Msitu wa Karura, Nairobi, ulitangazwa mwaka 1932. Miaka ya 1990 vipande vyake vikagawiwa kimya kimya kwa wajenzi binafsi. Profesa Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miche pale mwaka 1998, na Januari 1999 wakapigwa na watu waliowekwa kulinda eneo lile, yeye akaumizwa kichwani. Hawakuacha, na leo Karura ipo, watu wanakwenda kutembea na watoto. Tangazo la 1932 peke yake halikuzuia wagawaji. Lakini bila tangazo lile, mama yule angesimama juu ya nini? Wangemwambia hiki ni kiwanja cha mtu, ondoka.

Kwa hiyo karatasi inakupa haki ya kusema na watu wanaipa karatasi nguvu. Ukiwa na kimoja bila kingine, umekwama. Hifadhi ya kijiji inaviweka vyote viwili kwenye mikono ile ile, ndiyo maana naipigia debe.

INAVYOFANYIKA

Kwa wale ambao vijiji vyao viko njia panda kama chetu, hatua zenyewe siyo uchawi. Kijiji kiwe na mipaka inayotambulika na majirani, na ikiwezekana cheti cha ardhi ya kijiji. Kiwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi: hapa mashamba, hapa malisho, hapa makazi, hapa msitu. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unapitisha. Inachaguliwa kamati ya maliasili. Mnaandika mpango wa usimamizi na sheria ndogo, zinapitishwa na halmashauri ya wilaya. Kijiji kinautangaza msitu wake na unaandikishwa wilayani. Mkishausimamia kwa miaka mitatu, mnaweza kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Hapo hata yule wa ofisini na ramani yake hawezi tena kusema ni peupe.

Faida? Mapato ya mazao ya msitu huo ni ya kijiji. Faini ni za kijiji. Kule Kiteto, kata za Sunya, Lengatei na Dongo zilichanga herufi zikazaa jina SULEDO, na msitu wao wa kijamii ukashinda tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2002. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi mwaka 2009 vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Wanauza mpingo, mti ule ule wa vinyago, na wazungu wanautengenezea vyombo vya muziki. Kabla ya hapo magogo yaliondoka kwa malori na kijiji kikaachiwa vumbi.

NA MJOMBA JE?

Hapa ndipo watetezi wengi wa misitu wanaruka. Wanasema "elimu itolewe", halafu wanapanda gari. Mjomba haitaji elimu kuhusu miti, anaijua kuliko wao. Anahitaji hela ya Jumamosi.

Ndiyo maana mfano wa Kilosa, Morogoro, umenigusa. Kuanzia mwaka 2012, chini ya mradi wa kuleta mageuzi katika sekta ya mkaa, vijiji kadhaa vilitenga misitu yao na ndani yake wakaweka sehemu ya mkaa. Sehemu hiyo imegawanywa vitalu vidogo vya mita 50 kwa 50. Unavuna kitalu, unakiruka cha jirani, unaacha visiki vichipue, na unakirudia kitalu kile baada ya miaka 24. Wachomaji wanajulikana kwa majina na wanalipa ushuru kwenye kijiji. Hela hiyo ikaingia kwenye madarasa, zahanati, maji.

Ona tofauti. Mjomba leo anachoma usiku, anakimbia mgambo, anamuuzia mtu wa lori kwa bei ya mtu wa lori, rumbesa juu, na kijiji hakipati hata senti. Kwa utaratibu wa Kilosa angechoma mchana na risiti mfukoni. Msitu ungebaki na jina lake lisingekuwa mhalifu.

Nilimweleza usiku ule tukiwa tumekaa nje. Akanyamaza muda, akasema: "Sawa mwanangu. Lakini kwenye kamati wataingia akina nani?"

Jamani, mjomba hakusoma, ila hilo ndilo swali kubwa kuliko yote niliyoyasoma kwenye sheria.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KUNYOOSHA MKONO

Kwa sababu hifadhi ya kijiji nayo inaweza kuibiwa. Haiibiwi na mtu wa nje, inaibiwa na sisi kwa sisi. Mwenyekiti anaweka shemeji zake kwenye kamati. Mnaandika majina kwenye karatasi ya mahudhurio, kesho ile karatasi inageuka muhtasari wa kukubali jambo ambalo hamkulijadili. Lori linapita usiku na kamati "haikuliona". Wachungaji wanaokuja kiangazi wanafungiwa njia bila kuulizwa, halafu tunashangaa ugomvi. Na maskini asiye na shamba ndiye wa kwanza kukatazwa na wa mwisho kupewa.

Kwa hiyo mimi kwenye kikao kijacho nitasema ndiyo, ila kwa masharti manne:

1. Mpaka utembewe kwa miguu na watu wa pande zote, wakiwemo majirani na wachungaji, kabla haujachorwa. Siyo uchorwe kisha tuonyeshwe.

2. Kamati wawemo wachoma mkaa, akina mama wanaochota maji na vijana wasio na ardhi. Usipowaweka mezani utawakuta msituni usiku.

3. Sehemu ya matumizi itajwe kwa maandishi: kuni kavu, dawa, uyoga, asali, na kitalu cha mkaa. Hifadhi isiyo na mlango wa kuingilia watu watairuka ukuta.

4. Mapato na matumizi yasomwe kila mkutano mkuu na kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Wasiposoma mara mbili mfululizo, kamati ivunjwe.

Na kwa yule kijana aliyesema msitu hauliwi, hoja yake naiheshimu kwa sababu ni yangu pia, sina hata robo eka. Lakini tulipige hesabu. Kipande kile kikigawiwa, wangapi watapata? Na watakaopata, wangapi watakuwa wameuza kwa mtu wa Dar kabla ufuta haujachanua? Tunavijua viwanja vyetu vilivyokwenda. Shamba lililogawanywa linauzika na mtu mmoja akiwa na shida usiku mmoja. Msitu wa kijiji ili utoke, lazima mkutano mzima unyooshe mkono.

WEWE WA MJINI USICHEKE

Unaweza kusema haya ni ya wanakijiji. Mkaa unaochomea mahindi pale kituoni umetoka wapi? Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo 2034. Tunaiombea. Lakini mpaka siku hiyo gunia litaendelea kushuka kutoka kwetu kuja kwako. Na maji je? Dar inakunywa Ruvu, na Ruvu inategemea misitu ya milima ya Uluguru. Mwishoni mwa 2022 mto uliposhuka, mligawiwa maji kwa ratiba na ndoo zikapanga foleni Sinza. Mama wa kijijini kwetu anayechota tope mwezi wa tisa na dada wa Sinza mwenye ndoo ni mtu mmoja.

Takwimu za tathmini ya taifa ya misitu zinasema nchi ina hekta milioni 48.1 za misitu, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi ya vijiji. Karibu nusu! Basi anayeamua kama nchi hii itabaki na misitu siyo Waziri peke yake. Ni mikutano kama ule wa kwetu, chini ya mwembe, wenye watu wanaompigia makofi kila msemaji.

Kikao kinarudi mwezi ujao. Nimeazima nauli, nitakwenda. Mjomba amesema safari hii atasimama aongee, sijui atasema nini, na sitaki kumlazimisha.

Wenye vijiji vilivyokwisha kutenga misitu, tuambieni ukweli: kamati zenu zinafanya kazi au zimekufa? Mjomba anasubiri jibu, nami pia.

Nawasilisha.